UMEME UTOKAO KATIKA MTIKISIKO

Somo kwa wapenda sayansi wa vidato vya juu na kwa wanafunzi wetu wa zamani



Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinijia baada ya somo akaniuliza swali. Alisema: "Mwalimu, kule kwetu iko mashine ya kusaga unga. Ikianza kazi, ukuta watetemeka, benchi latetemeka, hata meno ya mtu aliyekaa juu ya benchi yagongana. Nguvu zote zile zapotea bure. Je, haiwezekani kuzigeuza zikawa umeme wa kuwasha taa kijijini?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lile wataalamu wa vyuo vikuu wameliuliza pia, nao wamelifanyia kazi miaka mingi. Nilimwahidi kwamba nitamjibu katika gazeti letu, ili na wale waliocheka wapate kusoma. Leo natimiza ahadi.

Kwa ufupi, umeme waweza kupatikana katika mtikisiko. Lakini kuupata siyo kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuendelea kuupata wakati mtikisiko unapobadili mwendo wake, maana hapa duniani ni mashine chache zinazokwenda mwendo mmoja asubuhi mpaka jioni. Hilo ndilo somo letu.

I. BEMBEA NA DARAJA

Kila mmoja wetu amepata kumsukuma mtoto katika bembea. Hapana haja ya kutumia nguvu nyingi. Ngoja bembea irudi, isukume kidogo. Irudi tena, isukume kidogo tena. Baada ya misukumo kumi hivi mtoto anapaa juu na kupiga kelele. Lakini ukisukuma ovyo, mara mapema mara kuchelewa, msukumo mmoja waua mwingine, na bembea haifiki popote.

Maana yake ni hii: bembea ina mwendo wake wa asili, yaani idadi yake ya kwenda na kurudi katika muda fulani. Ukiisukuma kwa mwendo uo huo, huitikia sana. Ukienda kinyume, haikuitikii. Idadi ya kwenda na kurudi katika sekunde moja twaipima kwa hezi. Kitu kinachotikisika mara 50 katika sekunde moja kina hezi 50.

Kuitikia huku si mchezo wa watoto tu. Tarehe 12 Aprili 1831, askari 74 walikuwa wakivuka daraja la kuning'inia la Broughton, karibu na Manchester katika Uingereza. Walikuwa wakipiga hatua pamoja, kushoto-kulia, kama wafanyavyo askari. Daraja likaanza kuyumba kwa kufuata hatua zao, likazidi, na mwisho upande mmoja ukakatika. Askari kama 40 walianguka mtoni. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa, ingawa wengine waliumia. Wachunguzi waliona kwamba bolti moja ilikuwa mbovu, na kuyumba kule kukaimaliza. Tangu hapo askari wa Kiingereza waliamriwa wavunje hatua wanapovuka daraja, kila mtu atembee kwa mwendo wake.

Basi tazama: misukumo midogo, ikija kwa wakati wake, yaweza kuvunja daraja. Je, nguvu hiyo haiwezi kufanya kazi ya manufaa?

II. KUGEUZA MTIKISIKO KUWA UMEME

Ajabu ni kwamba mwaka uo huo wa 1831, mjini London, Michael Faraday aligundua jambo ambalo ndilo jibu la nusu ya swali letu. Aliona kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme hupita katika waya ule. Sumaku ikitulia, hakuna kitu. Ikienda na kurudi, umeme nao waenda na kurudi. Dainamo ya baiskeli, na mitambo mikubwa katika mabwawa ya umeme, yote yatumia kanuni hiyo.

Njia ya pili iligunduliwa Ufaransa mwaka 1880 na ndugu wawili, Jacques Curie na Pierre Curie. Waliona kwamba baadhi ya mawe maangavu, kama vile kwazi, yakibanwa hutoa chaji ya umeme katika nyuso zake. Vitu vya namna hiyo huitwa vitu vya piezoelektriki. Siku hizi viwanda hutengeneza vigae vyembamba vyenye tabia hiyo. Ukikigandisha kigae juu ya ubapa wa chuma, kila ubapa unapopinda kigae hutoa umeme kidogo.

Kwa hiyo chombo cha kuvuna umeme katika mtikisiko ni kitu chepesi kueleza. Chukua uzani mdogo, uning'inize kwa springi au uufunge kwenye ncha ya ubapa wa chuma. Sanduku lake lifunge imara juu ya mashine. Mashine ikitetemeka, sanduku latetemeka pamoja nayo, lakini uzani wabaki nyuma na kucheza ndani ya sanduku. Mchezo huo ndio unaovunwa, ama kwa sumaku na koili, ama kwa kigae cha piezoelektriki.

III. HESABU KIDOGO, NA KASORO KUBWA

Sasa tupige hesabu, maana sayansi bila hesabu ni hadithi. Tuseme uzani wetu ni gramu 50, yaani kilo 0.05. Mashine inazunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Mtikisiko wake una mchapuko wa mita 1 kwa sekunde kwa sekunde, ambao ni kama sehemu ya kumi ya mvuto wa dunia. Springi tumeichagua iitikie hezi 50 barabara. Msuguano ndani ya chombo ni mdogo, na kipimo chake tutakiita s. Hapa s ni 0.01. Tumepanga pia koili ichukue umeme kwa kiasi kinacholingana na msuguano huo, kwani hapo ndipo mavuno huwa mengi kuliko kwingineko. Kanuni yake ni hii:

Wati = (uzani × mchapuko × mchapuko) ÷ (16 × s × w)

Katika kanuni hii w ni 2 × 3.14 × 50, yaani 314. Basi twapata 0.05 ÷ 50.24, ambayo ni karibu 0.001. Mavuno yetu ni elfu moja ya wati, yaani miliwati 1.

Msikate tamaa bado. Vipo vyombo vinavyotosheka na hizo. Lakini ngojeni mwone kasoro. Msagaji anamimina debe la mahindi. Mashine yalemewa, mwendo washuka kutoka hezi 50 hadi 47. Mtu aliyesimama pembeni hatambui tofauti kubwa. Lakini chombo chetu chatambua mara moja! Ukifanya hesabu utaona kwamba mavuno yameshuka hata hayafiki sehemu moja ya kumi ya yale ya kwanza. Mwendo umepungua sita kwa mia tu, na umeme umepungua zaidi ya tisini kwa mia.

Mtu aweza kusema: "Ongeza msuguano, chombo kisiwe na wivu wa mwendo mmoja." Ni kweli, ukiongeza msuguano chombo kitaitikia miendo mingi zaidi, lakini kila mmoja kwa unyonge. Hapo umekuwa kama mtu aliyetia maji katika mchuzi ili utoshe wageni wengi: kila mtu apata, na hakuna ashibaye.

IV. SPRINGI ISIYOFUATA MSTARI

Kasoro hiyo yatoka wapi? Yatoka katika unyofu wa springi yenyewe. Robert Hooke alitufundisha mwaka 1678 kwamba springi ikivutwa kwa nguvu maradufu, hurefuka maradufu. Ukichora grafu ya nguvu na urefu, wapata mstari ulionyoka. Springi kama hiyo, ikicheza kidogo au ikicheza sana, mwendo wake wa asili ni ule ule. Ndiyo maana ina wimbo mmoja tu inaoujua.

Lakini si kila springi hufuata mstari. Ziko ambazo kadiri unavyozivuta ndivyo zinavyozidi kuwa ngumu. Mwinjiniari Mjerumani, Georg Duffing, alitoa kitabu mwaka 1918 juu ya mitikisiko ya namna hii, na mpaka leo kanuni yake hufundishwa kwa jina lake. Katika springi ngumu hivi, mwendo wa asili hubadilika kwa ukubwa wa mchezo: ikicheza sana, mwendo wapanda. Kwa hiyo mashine ikiongeza mwendo polepole, chombo chaweza kuifuata, kikipanda pamoja nayo, kama mwimbaji anayefuata ngoma inayoharakishwa.

Faida hiyo ina masharti. Mashine ikizidi mpaka, chombo huanguka ghafula, kikarudi kwenye mchezo mdogo. Na ukirudisha mwendo chini, hakipandi tena palepale kilipoangukia. Hungoja mpaka chini zaidi. Katika mwendo mmoja uo huo chaweza kuwa na hali mbili, ya mchezo mkubwa au ya mchezo mdogo, na kipi kati ya hivyo utakachokipata kwategemea kilikotoka.

V. MABONDE MAWILI

Njia ya pili ya kuvunja unyofu ni nzuri zaidi, nayo yatumia sumaku. Fikiri juu ya gololi katika bakuli. Ukitikisa bakuli, gololi yacheza katikati. Hiyo ni springi ya kawaida. Sasa fikiri chombo chenye mabonde mawili, na kilima kidogo katikati. Gololi yaweza kutulia bonde la kushoto au la kulia, lakini si juu ya kilima. Ukitikisa polepole, yacheza ndani ya bonde moja. Ukitikisa vya kutosha, yaruka kilima na kuangukia upande wa pili, kisha yarudi, na kwenda tena. Kila mruko ni safari ndefu na ya haraka. Tena kuruka huku hakuhitaji mwendo mmoja barabara; kwahitaji tu msukumo unaotosha kuvuka kilima.

Mwaka 1979 wataalamu Moon na Holmes walitangaza jaribio lao la ubapa wa chuma ulioning'inizwa juu ya sumaku mbili. Walipoutikisa, ubapa uliruka toka sumaku hii hadi ile, wakati mwingine bila mpango unaoweza kutabiriwa. Wao hawakuwa wakitafuta umeme. Walitaka kuijua tabia hiyo ya vurugu. Miaka 30 ilipita, na mwaka 2009 Erturk, Hoffmann na Inman, katika chuo cha Virginia Tech huko Marekani, walichukua mpango ule ule, wakagandisha vigae vya piezoelektriki kwenye shina la ubapa, wakavuna umeme. Waliona kwamba ubapa unaoruka ulitoa volti nyingi zaidi, na katika miendo mingi zaidi, kuliko ubapa ule ule usio na sumaku.

Mwaka huo huo Cottone, Vocca na Gammaitoni wa Chuo Kikuu cha Perugia, Italia, walifanya jaribio jingine. Walisimamisha ubapa wima, wakaweka sumaku kwenye ncha yake, na sumaku ya pili ikiielekea, zikisukumana. Waliutikisa kwa mitikisiko ya ovyo, isiyo na mwendo maalumu. Kisha wakabadilisha umbali wa sumaku. Zilipokuwa mbali, ubapa ulikuwa kama wa kawaida. Zilipokuwa karibu mno, kilima kilikuwa kirefu, ubapa ukanaswa upande mmoja na mavuno yakapungua. Katikati palikuwa na umbali mmoja uliofaa kuliko yote, ambapo ubapa uliruka mara kwa mara na mavuno yakazidi yale ya ubapa wa kawaida.

Basi kumbukeni: sumaku siyo dawa ya kila ugonjwa. Kilima kirefu mbele ya msukumo mdogo ni gereza.

VI. KWA NINI TUJISUMBUE? TAZAMA MOYO

Mtaniuliza: ikiwa ni miliwati tu, taabu yote hii ya nini? Nitawajibu kwa mfano wa moyo.

Wako watu ambao mioyo yao hupiga polepole mno, nao hutiwa kifuani kifaa kidogo cha kuongoza mapigo. Mtu wa kwanza kutiwa kifaa hicho mwilini alikuwa Arne Larsson, huko Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958. Kifaa cha kwanza kilikufa baada ya saa chache. Bwana huyo aliishi hadi mwaka 2001, na katika maisha yake alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20. Siku hizi betri hudumu kama miaka 10, lakini ikiisha, hapana budi mgonjwa apasuliwe tena, si kwa sababu moyo umezidi kuugua, bali kwa sababu ya betri.

Kifaa hicho chahitaji umeme kidogo sana, kama sehemu moja ya milioni ya wati. Na kifua chenyewe chatikisika kila moyo unapopiga. Mwaka 2012 Karami na Inman wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza chombo cha piezoelektriki ambacho chaweza kutosheleza hitaji hilo kwa mtikisiko wa moyo. Majaribio yao yalifanywa kwa mashine iliyoiga mtikisiko wa kifua, si ndani ya mgonjwa. Lakini tazameni shida waliyokabiliana nayo: moyo hauna mwendo mmoja. Mtu akilala hupiga labda mara 60 kwa dakika. Akipanda mlima hufika 150. Chombo chenye wimbo mmoja chaweza kumtupa mgonjwa katikati ya mlima. Ndiyo maana walijaribu pia vyombo visivyofuata mstari, vyenye sumaku, ambavyo havijali sana moyo ukienda mbio au ukitulia.

Mfano wa pili ni reli. Katika Uingereza vyombo vya kuvuna mtikisiko vimefungwa karibu na beringi za magurudumu ya treni. Vyapata umeme kwa mtikisiko wa gurudumu juu ya reli, navyo hupeleka habari kwa redio beringi inapoanza kuharibika. Hapana waya, na hapana fundi wa kutambaa chini ya kila behewa akibadili betri. Umeme ni mdogo, lakini habari inayobebwa yaweza kuokoa treni.

VII. JARIBIO LA KUFANYA WENYEWE

Chama cha Sayansi chaweza kufanya jaribio hili kwa vitu vya karakana.

1. Chukua ubapa mmoja wa msumeno wa kukatia chuma. Ubane wima kwa jiliwa ndogo iliyofungwa juu ya ubao, ili sentimita 25 zisimame juu. Zungushia meno yake utepe, yasikukwaruze.

2. Funga sumaku ndogo kwenye ncha ya juu kwa gundi na uzi, upande wake mmoja ukitazama juu.

3. Jenga fremu ya mbao juu ya ubao huo huo, na juu yake weka sumaku ya pili ikitazama chini, pande zinazosukumana zielekeane. Ifunge kwa namna ambayo waweza kuishusha na kuipandisha.

4. Tengeneza koili ya mizunguko 500 ya waya mwembamba wenye varnishi. Iweke kando ya ncha ya ubapa bila kuigusa, na uiunge na mita ya volti ya mkondo geu.

5. Weka ubao juu ya penseli za mviringo ili uweze kuusukuma mbele na nyuma kwa mkono, kwa kufuata upande ambao ubapa hupinda.

Kwanza sumaku ya juu iwe mbali. Sukuma polepole, kisha haraka zaidi. Utaona mita ikipanda katika mwendo mmoja tu na kulala katika mingine. Kisha shusha sumaku kidogo kidogo. Utafika mahali ambapo ubapa wakataa kusimama wima. Waegemea kushoto au kulia. Hapo umepata mabonde mawili. Sukuma tena, usikilize ubapa ukiruka, na andika volti za kila mwendo. Mwisho shusha sumaku sana, uone ubapa ukinaswa. Chora grafu tatu juu ya karatasi moja.

VIII. JIBU KWA MWENYE SWALI

Sasa namrudia kijana wangu. Taa ya wati 5 yahitaji vyombo 5,000 kama kile tulichokipigia hesabu. Uzani wake peke yake ni kilo 250, zote zikichezacheza juu ya mashine ya kusaga! Wala umeme huo haungekuwa wa bure, maana kila kinachovunwa chatoka katika mashine, na mashine yaupata katika dizeli. Ikiwa mashine ile yatikisa meno ya watu, dawa ya kwanza ni kukaza bolti zake na kulinganisha gurudumu. Kuiwasha kijiji kwa mtikisiko huo haiwezekani.

Lakini chombo kimoja tu, kilichotengenezwa vizuri, chaweza kumwambia mwenye mashine kwamba beringi yake yaanza kufa, kabla haijafa siku ya foleni ndefu ya mahindi. Kwa hiyo, kijana, swali lako halikuwa la kuchekwa. Kipimo chake tu ndicho kilichokuwa kikubwa mno. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini mwanasayansi kwanza hupima kibaba, ajue ni haba ngapi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini askari huvunja hatua wanapovuka daraja?

2. Tumia kanuni ya sehemu ya III. Mchapuko ukiwa mita 2 badala ya 1, mavuno yatakuwa miliwati ngapi?

3. Kwa nini kuongeza msuguano hakuponyi kasoro ya chombo chenye wimbo mmoja?

4. Eleza kwa maneno yako kwa nini sumaku zikiwa karibu mno mavuno hupungua.

5. Taja kitu kimoja nyumbani kwenu kinachotikisika. Je, mwendo wake ni mmoja, au hubadilika? Ungekivuna kwa chombo gani, na umeme wake ungeutumia kwa kazi gani?

Atakayefanya jaribio na kuchora grafu tatu aniletee kabla ya muhula kwisha. Nitafurahi zaidi kama yule mwenye swali atakuwa wa kwanza.